Upinde wako umekatwa wapi? Maoni yangu kuhusu mkole na ngitili zetu

Wengi mlitegemea leo tuendelee na habari ya funza wa vitumba kwenye pamba. Naomba tuiache pamba kidogo, maana kiangazi kimeingia na kuna jambo linalonikera.

Kila mwaka pamba ikishauzwa, sungusungu wanaitisha ukaguzi. Mwanaume anatakiwa afike na upinde, mishale na filimbi, na asiye navyo anatozwa faini. Mimi sipingi utaratibu huo. Sungusungu walianza huku Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ng'ombe zetu zilikuwa zinakwisha mikononi mwa wezi, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Mwano ukipigwa usiku, ni wao wanaoamka. Lakini angalia kinachotokea siku tatu kabla ya ukaguzi. Kijana asiye na upinde anachukua panga, anaingia kwenye ngitili ya jirani au ya kijiji, anakata mkole wa kwanza anaouona umenyooka, anauchonga ukiwa mbichi na kuufunga kamba. Siku ya ukaguzi anapita. Mwezi unaofuata upinde umepinda kama mundu au umepasuka, na mwakani anarudi kukata mwingine. Kwa hiyo walinzi wa mali zetu ndio hao hao wanaomaliza ngitili zetu, na hakuna anayewapigia mwano.

Kabla sijaendelea, na mimi niseme kosa langu. Nilipoanza kazi, nikiwa bado na harufu ya chuo, kijiji kimoja kililalamika kwamba fimbo za mkole zinaisha kwenye ngitili. Nikawapa ushauri mwepesi: pigeni marufuku kabisa, asikate mtu. Mkutano ukakubali, muhtasari ukaandikwa, nikaondoka nimefurahi. Niliporudi baada ya misimu miwili nilikuta hali mbaya kuliko mwanzo. Watu walikuwa wanakata usiku kwa haraka, usawa wa kiuno, visiki vimechanika na gome limevuliwa hadi chini. Kilichochipua kililiwa na mbuzi, maana mwenye mbuzi naye aliona eneo limeshaharibika. Mzee mmoja fundi wa pinde, aliyekata pale kwa miaka mingi bila kuua shina, aliacha kwa kuogopa faini. Aliniambia bila kuficha kwamba nimemfukuza anayejua na kumwachia wizi asiyejua. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: serikali za vijiji ziruhusu kukata miti ya pinde, lakini kwa kibali, kwa msimu na kwa sehemu. Marufuku ya jumla haifai. Kuacha holela pia haifai.

Nasema hivi kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Enzi za mkoloni misitu mikubwa ya Usukuma ilifyekwa ili kupambana na mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikamalizia. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizobaki katika mkoa wote zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Wakati huo Meatu na Bariadi zilikuwa ndani ya Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa 2012. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Msidhani ni miche ya kwenye viriba ndiyo iliyofanya kazi yote hiyo. Sehemu kubwa ilirudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini, baada ya watu kukubaliana kwenye dagashida kwamba mifugo isubiri. Kisiki hai ni akiba. Ukikiua hicho, hata ukiweka walinzi kumi hakuna kitakachorudi.

Sasa tuje kwenye ukataji wenyewe. Mkole wengi mnaujua: jani lake kijani juu na jeupe chini, maua ya njano, matunda madogo ambayo watoto wanayala wakichunga. Wenzetu Wahadzabe, ambao wengine tunaishi nao humu humu Meatu, nao wanayala. Mti huu ni mgumu, unapinda bila kuvunjika, na unachipua vizuri ukikatwa vizuri. Subiri kiangazi, majani yakishapukutika na kabla machipukizi mapya hayajaanza. Wakati huo mti una maji kidogo, utakauka bila kupasuka sana, na mvua za Novemba zikija kisiki kina nguvu ya kuchipua. Ukikata Februari mti umejaa maji, utajuta mara mbili: upinde utapasuka na kisiki kitadhoofika.

Tumia msumeno wa mkono. Panga linachana. Kata chini, kama kiganja kimoja kutoka ardhini, mshazari ili maji ya mvua yasisimame juu ya kisiki, na usivue gome la kilichobaki. Chagua shina lenye unene wa kifundo cha mkono, lisilo na fundo wala kujisokota. Kwenye kichaka cha mashina matano usichukue zaidi ya mawili. Kisha chukua matawi ya miiba uzungushie kisiki. Hili la miiba watu wanalidharau, na ndilo linaloamua kama utapata fimbo nyingine pale, kwa sababu mbuzi anapenda chipukizi la mkole kuliko unavyofikiri. Machipukizi yakifika kiunoni, bakiza mawili au matatu yaliyonyooka. Mengine uyakate kwa mishale na fito.

Usichonge siku hiyo hiyo. Paka kinyesi cha ng'ombe kwenye ncha zote mbili, weka fimbo kivulini penye hewa, juu ya dari au chini ya ghala, na uache hadi mwanzo wa mvua. Juani itapasuka. Wakati wa kuchonga punguza upande wa tumbo, ule unaokutazama wewe ukivuta kamba. Upande wa mgongo toa gome tu, usiguse nyuzi za mti, maana hapo ndipo upinde unapovutika, na ukikata uzi mmoja hapo ndipo utakapovunjika. Wazee wa kazi hii wanalijua jambo hili kuliko mimi. Nililipata kwao na wala sikulisoma chuoni.

Kwa wafanyabiashara nina neno gumu kidogo. Ninyi mnaokusanya pinde vijijini na kuziuza minadani, mnanunua mbichi kwa sababu ni rahisi. Upinde mbichi ni mzito mkononi, gome lake bado linavulika kwa kucha, na ukiunusa unanuka majani. Ukiununua huo umemlipa aliyekata ovyo na umemkosesha soko fundi aliyesubiri miezi minne. Muulize anayekuuzia kibali cha kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka juu ya msitu wake, kwa hiyo fimbo iliyotoka ngitili ya kijiji bila ruhusa ni mali ya wizi sawa na ng'ombe wa wizi. Sungusungu wanaifahamu vizuri lugha hiyo. Na tafadhali msiwatume vijana kutafuta miti upande wa Pori la Akiba la Maswa. Kuingia kule na upinde bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na ukikamatwa maelezo ya kwamba ulifuata fimbo hayatakusaidia.

Kwa watemi na makamanda wa sungusungu, ombi langu ni moja. Tangazeni tarehe ya ukaguzi miezi sita kabla, siyo siku tatu. Mtu akijua mapema atakata Julai, atakausha, na atakuja na upinde wa kudumu miaka. Tena kwenye ukaguzi msiangalie kama mtu ana upinde tu. Uvuteni. Ukipasuka, faini yake ilipwe kwa kuzungushia miiba visiki ishirini vya ngitili ya kijiji.

Najua wapo watakaosema kibali kitageuka mradi wa mwenyekiti kujipatia soda. Hofu hiyo ni ya kweli, nimeiona kwenye vibali vya mkaa. Ndiyo maana napendekeza kibali kisitolewe ofisini, kitolewe mbele ya mkutano wa kitongoji, majina yasomwe, na sehemu ya kukata ionyeshwe kwa miguu. Mwaka huu kona hii, mwakani kona ile.

Kijiji kitakachokuwa tayari kujaribu kiniite kabla Agosti haijaisha. Nitakuja na msumeno wangu, ninyi mleteni yule mzee fundi.