Kitabu cha Chuoni na Lori la Mpakani



Juma lililopita vijana watatu wa vyuo vya biashara, waliokuja nyumbani kwa likizo, walifika ofisini kwangu kuomba barua za parokia. Nilipokuwa nikiandika, wao walikuwa wakibishana juu ya kitabu. Ni kitabu cha Kenneth Laudon na Jane Laudon wa Marekani, jina lake Management Information Systems, nacho humwonyesha anayeanza jinsi biashara inavyokusanya habari zake, inavyozitunza, na inavyozitumia kuamua mambo. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na mwanafunzi akikisema kitabu chake siwezi kujizuia kusikiliza. Nikaweka kalamu chini.

Kijana wa kwanza alikisifu. Alisema kila sura hufunguliwa kwa kisa cha kampuni ya kweli, basi hachoki kusoma. Wa pili alisema ni kinene mno, tena ni ghali, naye anasoma fotokopi ya toleo la zamani ambayo michoro yake imekuwa madoa meusi. Kwa hilo sikuwa na la kumjibu.

Wa tatu ni binti wa mkulima wa kahawa wa Mbozi. Alikaa kimya mpaka wenzake walipomaliza, akasema, "Mwalimu, mimi kimenishinda. Nimepata sapu katika somo lile, na sijui kama nitarudi." Sapu, kwa wasomaji wazee, ni mtihani wa marudio.

Nikamwuliza kilichomshinda ni nini. Akasema, "Humo ni habari za maduka ya Walmart, na za UPS wanaopeleka vifurushi, dereva anatembea na chombo cha mkononi, mteja anatia sahihi juu yake. Mimi madereva ninaowajua wanalala chini ya tela wakingoja karatasi. Halafu Kiingereza. Maana ya mrejesho niliikariri neno kwa neno. Swali likaja kwa namna nyingine, nikaandika yale yale."

Katika Kiingereza nampa haki yake yote. Mtoto wa shule zetu za serikali hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza anageuziwa lugha kama mtu anayegeuziwa shati. Wengine hulivaa upesi, wengine hawalivai mpaka wanamaliza chuo. Anayekariri asichokielewa tusimwite mvivu. Amefanya kazi kubwa kuliko yule anayeelewa.

Bali katika neno la Walmart sikukubaliana naye. Likizo hii anafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma. Nikamwambia anieleze kazi yake kama anavyomweleza mama yake, kwa Kiswahili, bila kitabu. Akaeleza. Karatasi za mzigo hutumwa mapema, kabla lori halijafika. Yeye huandika katika kompyuta namba ya gari na ya tela, aina ya mzigo, uzito na thamani. Upande wetu forodha wana mfumo uitwao TANCIS, ulioanza mwaka 2014. Wazambia wana wao, ASYCUDA World. Kabla ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa rasmi Oktoba 2019, lori lilikaguliwa upande huu kisha likakaguliwa tena upande wa pili. Sasa hukaguliwa mara moja, katika nchi linakoingia. Siku moja namba ya tela iliandikwa vibaya, tarakimu moja tu, na lori la kwenda Kongo likalala siku mbili. Tangu hapo, akasema, kila namba husomwa na watu wawili kabla ya kutumwa.

Nikamwuliza, "Hilo la kusoma watu wawili, lilitoka wapi?"

"Kwa lile kosa."

"Basi huo ndio mrejesho. Kosa lilirudi ofisini, likabadili namna ya kuandika."

Akanitazama kama niliyemficha kitu mwaka mzima.

Nikamfungulia na daftari langu la ubatizo. Pembezoni mwa kila jina pana nafasi ya kuandika kipaimara na ndoa. Mkristo aliyebatizwa hapa akifunga ndoa parokia nyingine, karani wa huko hutuma habari huku, nami naandika. Asipotuma, daftari langu linasema uongo pasipo mtu kudanganya. Mwaka fulani mimi mwenyewe nilisahau kutuma karatasi ya namna hiyo kwa miezi minane, na Baba Paroko aliponiuliza sikuwa na neno. Hakuna kompyuta humu ndani, lakini akina Laudon hufundisha kwamba mfumo ni watu na utaratibu wao pamoja na mashine. Hilo nilimwonyesha kwa kidole, katika karatasi iliyoliwa na mende.

Ningependa kuwaambia kwamba alitoka akiwa ameamua. Hakuamua. Baba yake atakuja Jumapili baada ya misa ya kwanza tuzungumze, kwa maana ada ni kahawa yake, na anataka kujua kama anaitupa. Vijana wale wawili wameahidi kusoma naye sura tano za kwanza kila Jumamosi mchana katika chumba cha katekesi, wakieleza kila neno kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye.

Kilichobaki ni ile fotokopi yenye madoa. Kama yupo msomaji wa Tunduma, Vwawa au Mbozi ambaye mwanawe amemaliza chuo na kitabu hicho kinakaa kabatini, akilete ofisi ya parokia siku yoyote ya juma kabla ya saa nane mchana. Nitakiandika katika daftari, na jina la mwenyewe, na tarehe ya kukirudisha.