Subaru: Mlio mtamu, mfuko unalia

Leo mambo ya mapenzi na mitindo tunayaweka kando kidogo, tunaingia barabarani. Kuna ugonjwa umewashika vijana wa mjini na hauna dawa hospitali yoyote. Ugonjwa wenyewe ni mlio wa Subaru.

Unaujua ule mlio, usijifanye huujui. Du-du-du... du, du-du-du... du, kama mtu anapiga ngoma huku anachechemea. Gari bado liko kona ya pili, lakini kijiwe kizima kimeshageuza shingo. Mcheza bao anabaki na kete mkononi, muuza mishikaki anaacha kupepea moto. Gari likishapita ndiyo kwanza ubishi unaanza, na hauishi leo wala kesho.

Ubishi huo una timu tatu. Timu ya kwanza ni wapenda mlio. Hawa watakwambia Subaru ikinyamaza si Subaru tena, ni friji lenye matairi. Timu ya pili ni wazee wa Toyota, wale wa Mark II na Chaser. Wao jibu lao ni moja tu: debe tupu haliachi kuvuma. Ukinunua Subaru, wanasema, nunua na fundi kabisa, umpangie chumba cha uani. Timu ya tatu ni wale wenye Subaru zao. Hao hawasemi sana. Muda wao mwingi wameinama chini ya boneti wanaangalia oili.

Mimi natembelea daladala na miguu yangu miwili, kwa hiyo sina gari la kutetea hapa. Nimesikiliza timu zote, nimekwenda na gereji kuuliza, na leo nakupa mkanda mzima.

Kwanza tuwape Subaru haki yao. Mapenzi haya hayakuanza jana. Impreza ilitoka mwaka 1992, na mwaka 1995 Colin McRae wa Scotland akawa bingwa wa dunia wa mbio za magari za rally akiwa ndani yake. Kampuni nayo ikachukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Na hapa kwetu Afrika Mashariki hatukusimuliwa. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliimaliza Safari Rally akiwa na Subaru Vivio, kigari cha cc 660 ambacho ungedhani ni cha kwenda nacho sokoni. Mwaka 1997 McRae akaja akashinda Safari na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akarudia na Impreza. Rangi ya bluu, rimu za dhahabu, vumbi la Kenya, na ule mlio. Nani angebaki salama?

McRae amefariki, mwaka 2007, kwa ajali ya helikopta. Burns alitangulia mwaka 2005 kwa maradhi. Subaru yenyewe ilijitoa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa 2008. Lakini mlio umebaki, na ndio unaouza magari ya mtumba kutoka Japani hadi leo, Dar, Nairobi na Kampala.

Sasa tuje kwenye kiini. Mlio ule unatoka wapi?

Vijana wengi wanasema unatoka kwenye injini ya bondia. Maana yake ni kwamba pistoni hazikusimama kama za magari mengine, zimelala. Mbili zinatazama kushoto, mbili kulia, zinakwenda na kurudi kama mabondia wanaogonganisha glovu. Subaru wameanza kutumia injini ya namna hii tangu gari lao la Subaru 1000 la mwaka 1966. Injini inakaa chini, uzito unakaa chini, na gari kwenye kona linashika barabara vizuri. Hapo hakuna ubishi.

Lakini bondia peke yake hatoi mlio ule, bwana. Mbona Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo kama wa kobe, nayo ni bondia wa silinda nne na haichechemei namna ile? Na ndani ya injini ya Subaru silinda zinawaka kwa zamu sawasawa kabisa, bila kuchechemea.

Siri iko kwenye mabomba. Turbo la zile injini za zamani limekaa upande mmoja, kulia. Moshi wa silinda za kulia una safari fupi kulifikia. Moshi wa silinda za kushoto unapitishwa chini ya injini mpaka uvuke upande wa pili. Ni kama watu wanne wanatoka nyumbani kwa kupishana dakika moja moja, lakini wawili wanaishi jirani na wawili wanaishi mbali. Wakifika mlangoni wanafika ovyo ovyo, wawili wamebanana, mwingine kachelewa. Kule kufika ovyo ndiko unakokusikia wewe ukasema raha.

Umeona sasa? Wimbo tunaoupenda wote umetokana na mabomba yasiyolingana urefu. Mhandisi akiuangalia anaona kasoro, maana moshi ukibanana turbo halipati pumzi safi. Ndiyo maana Wajapani wenyewe, kwenye STI zao nyingi za miaka ya 2000, waliweka mabomba yaliyolingana. Gari likapata nguvu nzuri zaidi na mlio ukapungua. WRX mpya ya mwaka 2014 ilipokuja na injini nyingine, mlio ule wa zamani ukawa haupo. Mashabiki wakanuna dunia nzima. Kuna waliofikia kununua mabomba yasiyolingana na kuyafunga kwenye gari ambalo kiwanda kilikuwa kimeshalitibu! Mapenzi ni upofu, nasikia pia ni uziwi.

Na hapa mjini tuna kioja chetu. Kijana ana Impreza ya cc 1500 isiyo na turbo, gari la heshima kabisa la kwenda kazini na kurudi. Anakwenda kwa mchomelea vyuma, anakata ekzosi ya kiwandani, anafungiwa bomba nene kama kopo la rangi. Kuanzia siku hiyo mtaa haulali. Kasi ni ile ile, mafuta yameongezeka, mama mwenye mtoto mchanga anakulaani. Huyo tumwombee tu.

Basi, tuseme kweli, injini hizi ni mbovu au nzima? Wazee wa Toyota wasinikasirikie, lakini nina habari ya kuwauma. Januari 1989, kule Arizona, Marekani, Subaru walichukua Legacy yenye injini ya turbo ya EJ20, mama wa injini hizi zote tunazobishania, wakaiendesha kilomita 100,000. Si kwa mwaka, ni kwa siku 18 na ushee, usiku na mchana, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 223 kwa saa pamoja na kusimama kujaza mafuta. Hiyo ni sawa na kuizunguka dunia mara mbili na nusu. Ikawa rekodi ya dunia. Injini mbovu haifanyi hivyo.

Ila wapenda mlio nao wasishangilie mapema. Gari lile lilikuwa na mafundi wanaolisubiri kila kituo, oili safi, na hakuna aliyeligusa kwa uchu wa sifa. Gari lako limetoka Japani na miaka yake mgongoni, na hapa limeshapita mikono mitatu.

Mafundi niliozungumza nao wananitajia magonjwa yale yale. La kwanza ni gasketi ya silinda hedi, hasa kwenye injini za EJ25 zisizo na turbo za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Zinavuja oili au maji, ukizembea injini inachemsha. La pili ni beringi za konrodi. Oili ikipungua au ikichakaa zinakauka, zinasagika, injini inanoki. La tatu ni pistoni kupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi, ugonjwa uliozisumbua sana EJ25 za turbo, hasa zilizoongezwa nguvu na watu wasiojua wanachofanya. La nne ni mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na huna injini tena. Kitabu cha gari kinataka ubadilishwe karibu kila kilomita 100,000, sasa wewe uliyenunua mtumba unaziamini hizo kilomita za kwenye dashibodi?

Ndiyo maana wajuzi wengi wanaiheshimu EJ20 kuliko EJ25. Tundu la silinda la EJ20 lina upana wa milimita 92, la EJ25 ni 99.5. Tundu likipanuliwa, ukuta kati ya silinda na silinda unakuwa mwembamba. Si uchawi, ni hesabu.

Sasa nikupe kisa. Kuna mshikaji mmoja wa mitaa ya kwetu, jina namhifadhia. Alikuwa na kiwanja nje ya mji alichoachiwa na marehemu baba yake. Akakiuza. Akaongeza na pesa yake ya upatu, akanunua Forester ya turbo kwa mtu. Fundi alimwambia, "Mdogo wangu, ngoja kesho asubuhi tuisikilize ikiwa baridi." Hakungoja. Muuzaji alikanyaga moto mara mbili, bomba likaunguruma, jamaa akatoa pesa.

Miezi miwili alikuwa mfalme. Mwezi wa tatu injini ikafia njiani, beringi zimekwisha. Fundi alipoifungua alisema ule ugonjwa haukuanza juzi, ulikuwemo siku gari linanunuliwa, unagonga ko-ko-ko taratibu. Nani angeusikia na bomba lile? Leo gari limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mama yake, kuku wanataga ndani. Kiwanja nacho kimeshajengwa, na si yeye aliyejenga.

Hapo ndipo ninapotaka ukae na mimi, mpenzi msomaji. Kijiweni tunabishana kana kwamba mlio na uzima wa injini ni kitu kimoja. Mpenda mlio anasikia muungurumo anasema, hii ni ngoma. Wa Toyota anasikia muungurumo ule ule anasema, hii ni mbovu. Wote wawili wanasikiliza bomba, na bomba halijui lolote juu ya beringi. Bomba linakwambia moshi umepita wapi, basi. Tena likizidi kelele linafunika sauti ndogo ambayo ingekuokoa.

Kwa hiyo kama umeshashikwa na ugonjwa huu na pesa unayo, sikukatazi. Ila fanya hivi.

Nenda asubuhi, na useme gari lisiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, mtu amekuficha kitu. Waambie wawashe, wewe ondoka nyuma kwenye bomba njoo mbele kwenye injini. EJ25 nyingi hugonga kidogo zikiwa baridi na kunyamaza zikipata moto, hilo lisikutishe sana. Lakini ikigonga zaidi kadiri inavyopata moto na kukanyagwa, aga kwa heshima uondoke. Chungulia kwenye tangi dogo la maji. Mapovu yakichemka humo kama uji, gasketi imekwenda. Moshi wa bluu, inakula oili. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na risiti iko wapi. Gari likiwa limefungwa bomba la mchomelea, ogopa mara mbili.

Ukishalinunua, pima oili kila wiki kama unavyohesabu nauli. Usilikanyage likiwa baridi. Wala usiongeze mabomba na turbo kubwa bila mtu wa kupanga upya mafuta na moto wa injini. Hela ya kumwaga oili kwa wakati ni ndogo kuliko kiwanja cha urithi.

Na jueni kuwa mlio huu hautengenezwi tena. Mwaka 2019 Subaru walitoa toleo la mwisho la WRX STI yenye EJ20, magari 555 tu, namba ile ile iliyokuwa ubavuni mwa magari yao ya rally. STI ya EJ25 nayo ikafika mwisho wake mwaka 2021, na mwaka 2022 wakatangaza hawatatoa STI nyingine ya petroli kwenye WRX mpya. Hizi zilizobaki barabarani ndizo hizo hizo. Kila moja inayonoki kwa uzembe, ngoma moja imepasuka.

Kwa hiyo anayeupenda mlio kweli ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kushika kijiti cha oili. Wengine wote ni wapiga kelele.

Wiki ijayo tutarudi kwenye yale mambo yetu ya wapenzi wanaokopeshana simu. Hadi hapo, wazee wa Toyota msinune, wazee wa Subaru punguzeni moto mkipita uchochoroni, watoto wamelala. Tchao!