Diferensiali ya mbele: kazi ya kipimo



Gari likisimama porini, si mwenyewe tu apataye hasara. Muhogo huharibika ndani ya magunia, na mgonjwa hukosa njia ya kufika hospitali. Katika majira ya mvua, gari lisilovutwa na magurudumu ya mbele hukwama upesi katika matope. Kwa hiyo diferensiali ya mbele ikivunjika, na gereji iko mbali, mwenye gari hujiuliza: Je, naweza kuifungua na kuijenga upya nyumbani kwangu? Aweza, ikiwa atakubali kutii kipimo.

Kwanza tuelewe kazi yake. Tuseme kati ya magurudumu mawili ya mbele pana mita 1.5. Gari likizunguka duara kamili, gurudumu la nje husafiri zaidi ya mita 9 kupita lile la ndani. Wanafunzi na wahesabu: 2 mara 3.14 mara 1.5. Kama magurudumu hayo yangefungwa katika chuma kimoja, moja lingeburutwa na kulika. Meno ya diferensiali huyapa yote mawili nguvu, lakini huliacha kila moja liende mwendo wake. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, aliibuni kwa ajili ya gari la mvuke. Basi chombo hiki kilitoka katika mikono iliyozoea vipimo vidogo.

Kabla ya kufungua kitu, hakikisha usalama wako. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Liweke gari juu ya vigingi imara vya chuma, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mbao. Wako watu waliokufa kwa kudharau jambo hili.

Kisha mwaga mafuta na uyatazame. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi bomba dogo la kupumulia limeziba. Chuma chenye moto kikipoa ghafula mtoni, huvuta maji kupitia sili. Ukiona vipande vya chuma, meno au beringi zimevunjika. Katika magari kama Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, sanduku la meno halitoki mpaka uvute shafti za pande zote mbili. Nazo hupita katika vichwa vya mviringo kwenye ncha za ekseli. Sili zake za ndani zibadilishwe sasa, maana zikichoka, mafuta huingia kwenye grisi ya vichwa hivyo.

Sasa angalia vitu vilivyozaliwa pamoja. Vifuniko vya beringi vilichongwa pamoja na sanduku lao: vitie alama, cha kushoto kirudi kushoto, cha kulia kirudi kulia. Gia kubwa na gia ndogo pia ni mapacha. Usinunue moja na kuiacha nyingine ya zamani. Tena hesabu meno. Ikiwa nyuma kuna 37 kwa 9, na mbele pawe na uwiano uleule. Uwiano ukitofautiana, mbele na nyuma zitashindana kwenye ardhi ngumu, mpaka kitu kivunjike.

Kazi kubwa ni kuzipanga gia hizo. Kati ya jino na jino lazima pabaki nafasi ndogo, ambayo kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.13 na 0.20, kitabu cha gari lako ndicho cha kufuatwa. Nafasi ikizidi, meno hugongana. Ikipungua, chuma hutanuka kwa joto na kuungua. Hupangwa kwa vipande vyembamba vya chuma au kwa skrubu za kando, kufuatana na aina ya gari, na hupimwa kwa saa ya kupimia. Paka rangi kwenye meno, uzungushe: alama na ianguke katikati ya jino, si pembeni.

Jicho na kidole haviwezi kupima nafasi hiyo. Asiye na saa ya kupimia asikate tamaa wala asibahatishe. Afungue mwenyewe, asafishe, kisha alichukue sanduku peke yake kwa fundi mwenye kipimo, hata likiwa nyuma ya baiskeli. Likirudi, alifunge mwenyewe kwa sili mpya na mafuta mapya. Hivyo atalipia sehemu ndogo tu ya kazi.

Mwishoni, andika katika daftari unene wa kila kipande na mahali pake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanao atakayeifungua tena atakushukuru.