Daftari moja, mafaili sita

Likizo iliyopita nilisaidia ofisini katika parokia moja upande wa Temeke. Akaja dada anayeishi Tegeta. Anataka kufunga ndoa huko anakosali, na paroko wake amemwagiza cheti kipya cha ubatizo. Kazi ya dakika tano, nilidhani. Kwenye kompyuta nikakuta UBATIZO, UBATIZO MPYA, UBATIZO MPYA 2, UBATIZO SAHIHI, na mengine mawili ndani ya flashi ya katibu. Jina lake lilikuwa kwenye mafaili manne, lakini kwa tarehe mbili tofauti za kuzaliwa.

Wapo watakaosema ni uzembe wa katibu. Sikubaliani nao. Amejifunza kompyuta kwa kutazama wenzake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kupanga mafaili ni kazi yenyewe.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mhasibu mstaafu, alinisikia nikilalamika akacheka. "Frateri, sisi tulikuwa na Norton Commander." Programu hiyo, kazi ya John Socha, ilitoka mwaka 1986, zama za MS-DOS, wakati amri zilichapwa neno kwa neno. Yenyewe iligawa skrini ya bluu pande mbili: huku folda unakotoa, kule unakopeleka. F5 unanakili, F6 unahamisha, F7 unaunda folda, F8 unafuta. Ilikuwa hata na amri ya kulinganisha folda mbili, ikakuonyesha faili lililopo huku na halipo kule. Na jina la faili halikuzidi herufi nane, pamoja na tatu baada ya nukta, kwa hiyo UBATIZO SAHIHI usingeweza kuuandika hata ukitaka. (Folda ndani ya folda ziliingia MS-DOS mwaka 1983, mwaka uleule zilipotangazwa Sheria za Kanisa tunazosoma darasani.)

Sitamani turudi kwenye skrini zile. Ninachotamani ni ile hali ya kuona nakala inatoka wapi na inakwenda wapi kabla hujabonyeza.

Kanuni ya 535 inaidai kila parokia vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na katika kile cha ubatizo yaandikwe pia kipaimara, ndoa, daraja. Kanuni ya 1122 inataka ndoa ikifungwa kwingine, taarifa ipelekwe alikobatizwa mtu. Dar es Salaam hilo ni jambo la kila wiki: mtu amebatizwa Mbagala, kaimarishwa Kimara, anaoa Bunju. Sasa taarifa ya ndoa ikiandikwa kwenye UBATIZO MPYA 2, na cheti kikatolewa kutoka UBATIZO MPYA, mume wa mtu anatoka ofisini na karatasi yenye muhuri inayomwonyesha hajaoa. Mkewe atakuja kuyasikia kwenye matangazo ya ndoa, kama atayasikia.

Kwa maoni yangu daftari la karatasi libaki ndiyo asili. Kwenye kompyuta liwe faili moja, folda moja, na nakala moja ya akiba yenye tarehe. Na sisi mafrateri tufundishwe hili ndani ya somo la sheria za Kanisa, kwa sababu siku ya kukabidhiwa parokia tutakabidhiwa na kompyuta yake.

Yule dada tulimpata kwenye daftari baada ya nusu saa. Tarehe yake haikuwa hata moja kati ya zile mbili. Niliandika cheti kwa mkono, paroko akasaini.