Kuinua pikapu mbele: Gharama ya barabara mbovu inapohamia kwa mkulima

KILA masika yanapokaribia, mafundi wa miji midogo hupata wateja wa aina moja: wenye pikapu wanaotaka gari liinuliwe mbele. Wengine hawaendi gereji kabisa. Huazima jeki na spana, wakaifanya kazi hiyo nyumbani chini ya mwembe.

Sababu yao inaeleweka. Njia ya kutoka shambani Mgeta, Lushoto au Makete ikishaloa, gari la chini hugonga tumbo, na kabichi haisubiri udongo ukauke. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichosababisha barabara ya Lindi kukatika eneo la Somanga, vilikumbusha kwamba hata barabara kuu si salama, sembuse za vijijini.

Lakini mkulima huyo tayari amelipia barabara. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliongeza tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na Tarura. Mwenye pikapu anayetumia lita 40 kwa wiki huchangia Sh208,000 kwa mwaka kwa nyongeza hiyo pekee. Akinunua springi ili apite kwenye korongo lile lile, analipa mara ya pili. Ni haki yake kuuliza kwenye mkutano wa kijiji greda litapita lini.

Wakati akisubiri jibu, swali la kibiashara ni hili: je, kuinua gari mbele kunamsaidia?

Inategemea gari. Pikapu nyingi za zamani, kama Nissan Hardbody na Isuzu za miaka ya 1990, hazina springi za kuzunguka mbele. Zina tosheni baa, yaani chuma kirefu kinachobeba uzito kwa kujisokota. Ukikaza boliti yake ya kurekebishia, pua ya gari inapanda, wala hununui kitu. Hilux za kuanzia Vigo, iliyotoka 2004, zina springi za kuzunguka zilizofungwa pamoja na shokapu, na hizo huinuliwa kwa kuweka kipande cha chuma juu yake. Kwa kuwa shokapu imeshika katikati ya mkono wa gurudumu, kipande cha milimita 25 huinua gari karibu milimita 50. Wengi hawalijui hilo, hivyo huweka kipande kinene kupita kiasi.

Kukaza tosheni baa hakuongezi nguvu ya chuma. Kunabadilisha tu pembe ya mkono wa gurudumu. Ukizidisha, mkono unakaribia kikomo chake cha chini, gari linaruka kama mkokoteni, na bolijointi zinachakaa mapema. Kwa gari la 4x4, ekseli za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda na mipira inayozuia grisi inapasuka. Inchi moja, au moja na nusu, inatosha.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawalisemi: difu ya nyuma haipandi hata kidogo. Imo ndani ya ekseli, na ekseli inakaa kwenye magurudumu. Kinachoiinua ni tairi kubwa tu. Kama gari lako hukwama kwa difu ya nyuma kukalia tuta la katikati ya njia, kuinua pua ni kutupa fedha.

Mara nyingi pua haikuwa chini tangu kiwandani. Imeshuka kwa uchovu, kwa ngao nzito iliyofungwa mbele, na kwa lumbesa. Pikapu ya tani moja ikipakia magunia 10 ya kilo 100 imeshajaa, dereva na utingo hawajahesabiwa. Magunia hayo yakiwa lumbesa ya kilo 130, umezidisha kilo 300 kila safari. Hakuna springi itakayovumilia hayo misimu miwili.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Egesha gari mahali tambarare bila mzigo, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madgadi, kulia na kushoto. Ukiamua kukaza, inua gari hadi magurudumu yaning'inie na uweke stendi imara chini ya chesisi. Jeki peke yake imeua mafundi wazoefu. Hesabu mizunguko, iwe sawa pande zote, endesha kidogo gari litulie, kisha pima tena. Kufungua springi ya kuzunguka kutoka kwenye shokapu si kazi ya nyumbani. Imebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya.

Baada ya hapo peleka gari likapimwe mlingano wa magurudumu siku hiyo hiyo, maana seti ya tairi ikiliwa upande mmoja faida ya magunia kadhaa imekwenda. Shusha taa zisimulike macho ya wanaokuja, na mjulishe wakala wa bima kwa maandishi. Mwenye Hilux anayeongeza pleti nyuma aangalie pia vali ya breki iliyounganishwa na ekseli: nyuma ikipanda, vali hiyo hudhani gari ni tupu na hupunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati gari limejaa viazi na linateremka mlima.