RUZUKU YA MISITU NI JASHO LA WANANCHI, SI SADAKA



Tumechoka na neno "msaada." Kila zinapotajwa ruzuku za kutunza misitu na vyanzo vya maji, hapakosi mtu wa kusimama jukwaani akatuambia kuwa Serikali imewasaidia wananchi, na wananchi washukuru. Sisi tulio katika matawi ya Chama hapa Sumbawanga na katika nchi yote ya juu ya Ufipa tunataka kulijibu neno hilo waziwazi, maana likiachwa litageuka kasumba.

Mfuko wa Misitu Tanzania uliwekwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Fedha zake zinatoka wapi? Zinatoka, pamoja na njia nyingine, katika tozo zinazokatwa kwenye ada na mrabaha wa mazao ya misitu, yaani mbao, nguzo, kuni na mkaa. Mkaa huo nani anauchoma? Nani anaubeba kwa baiskeli? Na bei yake, pamoja na ushuru wote uliomo ndani, nani anailipa jikoni? Ni sisi makabwela. Basi fedha hiyo ikirudi kijijini kwa jina la ruzuku imerudi kwa mwenyewe. Wala sheria haikunyamaza: imetaja kuwa miongoni mwa kazi za Mfuko ni kuendeleza misitu ya jamii kwa kuvipa vikundi vya wananchi ruzuku na ushauri. Afisa anayeitoa kama anayemtupia maskini senti hajaisoma sheria anayolipwa mshahara kuitekeleza.

Tazameni milima ya Mbizi, hapo juu ya mji wetu. Msitu wake umebaki vipande vipande katikati ya nyasi, na katika vipande hivyo wamo mbega wekundu ambao katika Tanzania yote makao yao ni machache. Vijito vya Mbizi ndivyo vinavyonywesha watu wa upande huu, na upande wa pili vinateremka bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Nani anaulinda msitu huo? Askari wa misitu hawezi kuwa katika kila bonde. Moto ukiwaka mwezi wa Septemba, nyasi zimekauka na upepo wa Ufipa unavuma, wa kwanza kufika na matawi mabichi mikononi ni wanakijiji. Hawana posho. Wengi hawana hata viatu vya kukanyagia majivu ya moto.

Tunasema tena juu ya wakati, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila hata mwizi. Mvua zetu huanza Novemba na kuisha Aprili. Mtu anayetaka kupanda mche Desemba lazima awe amejaza udongo kwenye viriba na kusia mbegu tangu miezi ya kiangazi. Njia za kuzuia moto hufyekwa Mei na Juni, kabla nyasi hazijawa baruti. Sasa fedha ikitolewa Machi, itafanya kazi gani? Kikundi kitanunua miche kwa haraka, kitaipanda mvua ikiaga, picha zitapigwa, taarifa itapelekwa, na kufika Julai miche yote imekuwa vijiti. Halafu husemwa kuwa wananchi wa Ufipa hawapendi miti! Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa mche hauisubiri Hazina.

Kikwazo kingine ni makaratasi. Ili kupata ruzuku lazima kuwe na andiko la mradi, bajeti, akaunti ya benki na mihuri. Hatukatai hesabu. Tunakataa mtindo wa kumpa yule anayeandika vizuri badala ya yule anayepanda vizuri. Hiki ndicho kinachozaa vikundi vya mjini ambavyo shamba lao ni bahasha. Husemwa kuwa jina la mji wetu lina maana ya kutupa uchawi. Huu nao ni uchawi, utupwe. Afisa wa misitu aende kijijini, akae na kikundi, aandike naye kwa Kiswahili yale yanayotakiwa. Kazi hiyo ndiyo ushauri uliotajwa katika sheria.

Wako wanaosema mwananchi ndiye mharibifu, hafai kukabidhiwa fedha. Maneno hayo ni ya zamani. Wakoloni waliyasema Uluguru, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi bila kuwasikiliza, hata mwaka 1955 watu wakainuka, damu ikamwagika, na mpango wote ukafa. Mfipa alikuwa akifukia nyasi katika intumba, tuta lake la mviringo, akiurutubisha udongo wake, kabla bwana shamba yeyote hajafika kumfundisha.

Lakini tusifichane. Hata kijijini wako kupe, na wengine wana kadi za Chama. Kwa hiyo kila shilingi ya ruzuku isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ukutane kila miezi mitatu: imeingia kiasi gani, imenunua nini, miche mingapi iko hai. Mwenyekiti anayeogopa kusoma hesabu hiyo aachie kiti.

Kuna ndugu watatukumbusha kuwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kuifanya fedha iwe msingi wa maendeleo. Ni kweli, na sisi hatulisahau. Jembe tunalo, mikono tunayo, na kazi ya bure tumekwisha kuifanya miaka mingi. Tunachodai ni viriba, mbegu, mizinga ya nyuki na buti za wazima moto, vinunuliwe kwa fedha iliyotoka katika misitu, vifike kabla ya kiangazi kuisha.

Matawi yote yanayozunguka Mbizi yaandike sasa majina ya vijiji vyenye kitalu na visivyo nacho, na yapeleke orodha kwa madiwani wetu kabla halmashauri haijakaa kupitisha bajeti. Diwani atakayesema hakuipata, tutamsomea hadharani.