Pepo Huulizwa Jina

BARAZANI BONGWE
Na Juma Omari Mwasina

Apandapo pepo kichwani mwa mtu, katika zile ngoma za uganga zilizochezwa tangu Bongwe hadi Msambweni, na ambazo hata leo hazijakoma kabisa ijapokuwa masheikh wetu wamezikemea miaka na mikaka, mganga hamwachi mgeni huyo kunena apendavyo. Humfukizia ubani, akamwamkua kwa adabu, kisha akamsaili: Jina lako nani? Kabila lako lipi? Watoka wapi, na kiti hiki umekipandia kwa haja gani? Wako pepo wa Kipemba, wa Kihabeshi, wa Kimasai, hata wa Kizungu, na kila mmoja ana tabia yake na matakwa yake. Naye adaiye makubwa mno hujadiliwa mbele ya jamaa za mgonjwa, wakamshusha kidogo kidogo, mfano wa wanunuzi wa samaki pwani, mpaka aridhike na kile walicho nacho.

Sisemi haya kuutetea uganga. Nasema kwa kuwa nimekuwa nikimtafakari Alice Auma, mwanamke wa Kiacholi wa kaskazini ya Uganda, ambaye mwaka 1985 alipandwa na roho aitwaye Lakwena, na roho huyo, kwa itikadi ya wafuasi, alikuwa mwanajeshi wa Kitaliani aliyekufa maji katika mto Nile zama za Vita Kuu vya Kwanza. Mtu wa mwambao hatastaajabia Mtaliani kumpanda Mwacholi, maana tumeona zaidi ya hayo. Ajabu ni kwamba maiti huyo alipewa jeshi. Tangu mwaka 1986 aliamrisha kwa kinywa cha Alice, karani akiyaandika maneno yake, na vijana wakapakwa mafuta ya mti wa shea wapate kukingika na risasi, wakapewa mawe waliyoambiwa yatapasuka kama makombora, wakakatazwa kujificha nyuma ya mti au kichuguu wapigwapo. Wakenda hivyo hivyo, wengi wakifa njiani, mpaka wakavunjwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987. Alice akakimbilia kwetu Kenya, akafariki Januari 2007 katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, huko Dadaab.

Lakini roho hawakukimbia naye. Baba yake, Severino Lukoya, alidai wamempanda yeye, akakusanya mabaki ya wafuasi. Na Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa huko huko kaskazini ya Uganda, naye akadai ana wa kwake, na watoto waliotekwa kwa jina la madai hayo hawana idadi. Maadamu hapana aliyekuwa na haki ya kumsaili pepo, hapakuwa pia na njia ya kumkataa aliyejitangaza kuwa kiti chake.

Msomaji asidhani kwamba nalaumu kuwatukuza waliotutangulia. Sisi tuendao ziara Lamu kwa Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, na sisi ambao wazee wetu wa Kidigo waliziheshimu koma, yaani roho za wahenga, katika msitu wa Kaya Kinondo, hatuna uso wa kuwacheka wafuasi wa kanisa la Legio Maria wapandao kilima cha Got Kwer, katika kaunti ya Migori, alikozikwa mwaka 1991 Simeo Ondeto, ambaye kwao ndiye Masihi aliyerejea katika mwili mweusi. Marehemu anayezuriwa, akaombewa, akasimuliwa wema wake, hamdhuru mtu. Mambo hugeuka siku atakapoanza kuamrisha, kwani yeye mwenyewe hawezi kuulizwa wala kukanusha, na aliyekishika kinywa chake amewashika wote.

Wenzetu wa Cao Dai, dini iliyoasisiwa kusini mwa Vietnam mwaka 1926, na ambayo imemtia miongoni mwa watakatifu wake hata Victor Hugo, mshairi wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1885, yaelekea waliing'amua hatari hiyo mapema, kwa sababu waliwaweka wenye kupandwa na roho katika baraza lao, na watawala wa kanisa katika baraza jingine. Mtu aweza kutabasamu kwa kumwona Hugo katika jamii hiyo (ingawa yeye mwenyewe, alipokuwa uhamishoni katika kisiwa cha Jersey, alikesha akizungumza na wafu kwa njia ya meza), lakini mpango ule wa mabaraza mawili si wa kuchekwa.

Huko Shakahola, kwa jirani zetu wa Kilifi, ambako waumini waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe, hapakuwa na pepo wala ngoma, palikuwa na Biblia tu; na tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule. Jopo la Mchungaji Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti yake mwaka 2024, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya kuwasajili wahubiri. Na wasajiliwe. Ila usiku mtu atakapoambiwa kwamba sauti imeamuru mtoto asipewe chakula, msajili atakuwa amelala Nairobi. Watakaokuwapo ni mama, na shangazi, na wazee wa mtaa, na hao ndio ningependa wakumbushwe kuwa huku kwetu hata pepo mwenyewe, kwa ukali wake wote, alikuwa akingojeshwa mpaka jamaa wamalize kumuuliza.